Pembeni Mara Mbili, Katikati Mara Moja

Siagi ya tufaha haina siagi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mgeni wa kwetu anayeletewa mkate uliopakwa huuliza ng'ombe yuko wapi. Ni matufaha tu, yaliyomenywa na kukatwakatwa, yakachemshwa kwenye sufuria ya shaba juu ya moto wa kuni tangu alfajiri hadi alasiri, mpaka yawe uji mzito wa rangi ya kahawia wenye mdalasini na karafuu. Kazi yenyewe ni moja, kukoroga, na kukoroga huko hakuna mapumziko. Ukiacha mwiko utulie kidogo tu, chini kunashika, na kukishashika chini sufuria nzima imeharibika. Harufu ya kuungua inapanda juu na haitoki tena.

Tulifundishwa na bibi mmoja wa Kentucky, muumini wa kanisa lililotupokea tulipofika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi. Sufuria ilikuwa ya mama yake, na kabla ya hapo ya bibi yake. Watoto wake mwenyewe walihamia mbali na hawakutaka kunuka moshi. Basi siku moja akamwona mama yangu akisonga bugali ya kanisa zima bila kubadilisha mkono, akamwita. Mwaka wa kwanza mama aliangalia tu. Mwaka wa pili akapewa mwiko, ule wenye mpini mrefu kuliko mtu, ili mpikaji asimame mbali na moto. Mwaka wa tatu yule bibi alileta kiti chake cha kukunja, akajifunika blanketi, akakaa kando akirudia jambo moja siku nzima: pembeni mara mbili, katikati mara moja. Ndivyo mwiko unavyotembea ndani ya ile sufuria. Hata leo nikikoroga chai, mkono wangu unazunguka hivyo hivyo bila kuniuliza.

Tangu hapo ikawa mila ya nyumba yetu. Kila Oktoba, kabla ya sikukuu ya mavuno ya kanisa, mjomba wangu, mdogo wake mama anayeishi Columbus, alileta matufaha kutoka shamba moja la huko. Mimi na dada yangu mkubwa tulimenya Ijumaa mpaka vidole vikawa vyeusi. Jumamosi tukakoroga kwa zamu, sisi wawili na mama. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala moja Jeffersontown, na ile ndiyo Jumamosi pekee niliyoiombea ruhusa kwa mwaka mzima.

Ninaousimulia ni mwaka 2015. Dada yangu alikuwa amepata mchumba wa Buffalo, kijana wa kiwandani Tonawanda, aliyekutana naye kwenye mkutano wa kwaya Columbus. Kijana hakuwa na baba wala mama. Alikuwa na shangazi, anaishi naye Kenmore, na shangazi huyo hakututaka. Dada yangu alimsikia kwa masikio yake, simu ikiwa wazi mezani, akimwambia kijana:

"Binti wa mujane, tena wa Amerika? Bale banajibizana na bakubwa. Bote bako vile."

Na kijana alimwambia dada yangu ukweli, namheshimu kwa hilo. "Mi nakupenda, unajua. Lakini shangazi njo alinibeba ku mugongo toka Congo mupaka mu kambi. Akikatala, mi siwezi."

Dada yangu alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa mtu wa kulia ovyo. Wiki ile alilia akiosha vyombo, akilia na kusugua, akidhani maji ya bomba yanamficha. Baba yetu alifia kambini, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa mjomba. Yeye ndiye aliyepanga siku ya wageni kuja kujitambulisha, na kwa akili zake mwenyewe akachagua Jumamosi ya sikukuu ya mavuno. Alipokumbushwa akasema hakuna tatizo: asubuhi tutapika, saa kumi jioni tutapokea. Watu wa Buffalo wangelala kwake Columbus, kisha aje nao taratibu.

Hapa lazima nieleze mila moja. Kwetu, milima ya juu ya Uvira, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso mpaka mambo yote ya posa yaishe na mama apewe kikwembe chake cha heshima, yaani kitenge. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Louisville haina pori, kwa hiyo watu wanajificha panapopatikana. Nilishamwona mzee wa kanisa mwenye suti akikimbia kati ya rafu za mchele dukani kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anachagua vitunguu. Nilicheka sana siku ile. Lakini mkwe akimtazama mama usoni kabla ya wakati wake, ni aibu kwa nyumba ya binti. Watasema hatukulelewa.

Usiku wa Ijumaa mama alinielekezea kisu cha kumenyea. "We. Kesho mudomo yako iko mu congé. Inapumuzika. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hata bakikukanyaga."

Mdomo huponza kichwa, wanasema, na wangu ulishaponza vichwa vya wengine pia. Kama kulikuwa na binti wa mjane anayejibizana na wakubwa, ni mimi, si dada yangu. Kila mtu nyumbani alilijua hilo na hakuna aliyelitamka.

Jumamosi tukawasha moto kabla ya jua, yule bibi akiwa kando kwenye kiti chake, na blanketi lake magotini. Dada yangu alibaki nyumbani kupikia wageni, kwa hiyo sisi wa zamu tukawa wawili badala ya watatu. Moto ulikuwa nyuma ya kanisa, chini ya miti, kati ya ukuta na uzio. Ukitaka kwenda jikoni kwa kanisa au kwenda popote, lazima uvuke uwanja wa kuegesha magari. Kumbuka hilo. Saa sita mchana tulimwaga sukari, na baada ya sukari ndiyo hatari yenyewe, maana uji unakuwa mzito, unaruka na kuunguza mikono, na chini kunatafuta nafasi ya kushika. Mama alivaa koti kuukuu la kiume, buti za mpira, na kilemba kilichokuwa cheupe asubuhi. Uso wake ulikuwa na masizi.

Saa saba mama mmoja wa kwaya akaja mbio, ameshika sketi.

"Mama! Bakwe bamefika! Bako hapa mu parking!"

"Bakwe gani? Si ni saa kumi?"

"Bon, sasa bamefika."

Tulikuja kuelewa baadaye. Shangazi aliamsha nyumba nzima ya mjomba gizani, akasema mgeni wa kweli hangoji kuitwa. Mjomba akapiga simu njia nzima, na simu ya mama ilikuwa ndani ya mkoba jikoni kwa kanisa. Wakaenda kwetu. Dada yangu alichungulia dirishani, akaona ni wao, na kwa kuwa bibi harusi hafungulii wakwe mlango, akajificha chooni na kuwaacha wanabisha. Ndipo mjomba, Mungu amsamehe, akawaleta kanisani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuwa tunakaribia kufa.

Mama aliangalia ukuta. Akaangalia uzio. Akaangalia uwanja wa magari, na pale kijana alikuwa ameshashuka, anajinyoosha mgongo. Hakukuwa na njia. Na mwiko ulikuwa bado mikononi mwake, unazunguka.

Akina mama wa kwaya ndio waliotuokoa, au tulidhani hivyo. Bila kuambizana walifungua vikwembe walivyojifunga juu ya nguo zao, wakavinyanyua kwa mikono, wanawake wanne pembe nne, wakatujengea chumba. Ndani tulibaki mama, mimi, moto na sufuria. Kikwembe kimoja kilikuwa karibu sana na moto na nilikisukuma kwa kiwiko. Nje, Wamarekani waliokuja na mitungi yao kununua siagi walisimama wakishangaa. Mzee mmoja Mzungu aliuliza kupitia kitambaa kama kuna mtu anajifungua. Nilimwambia bado.

Tulimsikia mjomba akianza hotuba kule nje, sauti ya mtu anayejua amekosea. "Bon, batu ba Buffalo, donc, karibuni sana, kama munaona, tuko mu kazi ya Mungu..."

Sauti ya mwanamke ikamkata. "Mama ya binti iko wapi?"

"Iko ndani ya bikwembe, shangazi. Juu ya heshima."

"Mi si mwanaume. Mi naweza kumuona."

Kitambaa kikainuliwa, akaingia. Alikuwa mfupi, amevaa koti zito la theluji la Buffalo ingawa Louisville kulikuwa na jua, na kofia nyeupe ya kanisani. Macho yake yalipita kwenye buti za mama, koti, masizi, yakarudi kwenye buti. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikauchukua mwiko haraka ili mama aweze kumsalimia kwa mikono miwili, akiinama.

"Karibu, mukwe wangu. Unisamehe, umenikuta vile."

"Tumekuta vile tumekuta. Na huyu?"

"Ni mutoto yangu wa pili."

Nilipiga magoti nusu huku mikono yangu ikiendelea, pembeni mara mbili, katikati mara moja. Alinitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono.

"Leta hiyo mwiko."

Sasa elewa. Kwetu, mwanamke akiomba mwiko kwenye moto wako, anasema anataka kuwa mtu wa nyumba hiyo. Ukimnyima umemfukuza. Nilimwangalia mama, mama akaitikia kwa kope tu, nami nikautoa.

Alikoroga kama anasonga bugali. Aliuegemeza uji upande mmoja, akiukandamiza, akigeuza, akipumzika, akikandamiza tena palepale. Upande wa kulia mwiko haukufika kabisa. Katikati haukugusa chini. Na wakati wote huo hakuwa anaangalia sufuria. Alikuwa anamwangalia mama yangu na kuuliza maswali. Binti anajua kulima? Anasali? Akikasirika anafanyaje? Mama alijibu pole pole, moja baada ya jingine, kana kwamba tumeketi sebuleni.

"Utachoka, mukwe. Leta nikusaidie," mama alisema.

"Sijachoka."

Nikaona upande wa kulia mapovu yamekoma. Uji ulisimama pale, kimya, na anayejua sufuria ile anajua maana ya ukimya huo. Mama alikuwa anauona pia. Akasema tena, kwa upole uleule, "Umetoka safari ndefu. Leta nikupokee."

"Nimesema sijachoka."

Kwetu unaomba mara mbili. Ya tatu ni matusi. Harufu ikaja. Kwanza kidogo, kama sukari kwenye kikaango, kisha yenyewe hasa. Nilivuta pumzi kufungua mdomo. Buti la mpira la mama likatua juu ya mguu wangu na kukaa hapo kwa uzito wake wote. Hakunitazama. Alikuwa anamwuliza shangazi kama theluji ya Buffalo ni kweli inafika madirishani.

Kutoka upande wa pili wa kitambaa, yule bibi wa Kentucky akapiga kelele kwa Kiingereza. Inashika! Inashika chini!

Shangazi hakujua Kiingereza. Akanigeukia. "Anasema nini?"

Mguu wangu ulikuwa unaniuma. Nilimfikiria dada yangu kule nyumbani, akiwapikia watu hawahawa.

"Anasema harufu yake ni nzuri," nikasema.

Bibi aligonga ardhi kwa fimbo. Acheni! Koroga katikati! Mnaiunguza sufuria ya mama yangu!

"Na sasa?"

"Anasema karibuni Kentucky."

Wale wanawake wanne walioshika vikwembe walikuwa wanaangaliana kwa macho makubwa. Kila mmoja wao ni mpishi. Mmoja alianza kukohoa, akageuza uso. Mama alitabasamu na kuendelea na habari za theluji, na machozi yakawa yanamtiririka kupita kwenye masizi, na ungeweza kusema ni moshi. Nilimchukia yule shangazi kwa moyo wangu wote. Nasema hivyo bila aibu.

Mwishowe alisimama. Akaushika mwiko kwa mikono miwili, akamrudishia mama, akainua kitambaa na kutoka. Kule nje mjomba alikatiza hotuba yake, jambo la nadra.

"Tumefika kwa batu," shangazi akasema. "Semeni." Yaani amekubali, tutaje mahari.

Akina mama wa kwaya walipiga vigelegele, na kwa furaha wakasahau kazi yao. Vikwembe vinne vikashuka pamoja. Mama yangu alijitupa nyuma ya kiti cha yule bibi na kuvuta blanketi lake kichwani, na kijana wa watu, nampongeza, alikuwa ameshageukia magari akiyasoma namba kwa makini.

Walipokwisha kwenda nyumbani kula, mama alipiga magoti mbele ya bibi na kunitaka nimweleze yote. Safari hii nilitafsiri kweli tupu. Bibi alisikiliza. Akaomba kijiko, akaonja, akatema kwenye karatasi. Akakunja kiti chake, akaondoka bila kuaga. Waliokuja na mitungi walirudi nayo mitupu. Mama aliikomba ile ya juu, ambayo haikuwa chungu sana, akaijaza kwenye mitungi michache kwa sababu wakwe hawarudi Buffalo mikono mitupu. Kisha akaisugua sufuria kwa siki na chumvi, ameinama ndani yake mpaka mabega, na hapo alilia kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akilia hivyo tangu kambini.

Oktoba iliyofuata dada yangu alikuwa ameshaolewa Buffalo. Tulikuwa hatujui kama tutaitwa. Asubuhi ya sikukuu yule bibi akafika, sufuria ikiwa nyuma ya gari, akamwekea mama miguuni.

"Mwaka huu hakuna wageni," akasema, na akafungua kiti chake.

Baada ya Krismasi nilikwenda Kenmore kumsaidia dada, amejifungua mtoto wa kike. Theluji kweli inafika madirishani. Asubuhi moja nilimkuta shangazi jikoni akipaka mkate siagi ya tufaha kutoka kwenye mtungi niliouosha mwenyewe kwa mikono yangu. Ile ya mwaka ule. Alikuwa ameitunza kwenye baridi na kuila kidogo kidogo.

Mdomo wangu haukuwa tena likizoni. "Shangazi, hiyo iliungua."

Alitafuna, akameza. "Mi najua."

"Unajua?"

"Nilisikia harufu wa kwanza, mbele yenu bote. Weye unafikiri mi sikupika? Mi nilipikia batu mu kambi miaka na miaka. Nikaendelea tu. Nilitaka kusikia mama yako atasema nini." Akanisogezea mkate. "Kula."

Sikula. Nilitoka nje bila koti na kusimama kwenye theluji mpaka dada akagonga dirisha. Sufuria ya vizazi vitatu, machozi ya mama, buti juu ya mguu wangu, kumbe ulikuwa mtihani! Nilirudi Louisville bado nachemka. Nikamkuta mama sebuleni, ameletewa matufaha ya mwisho ya msimu na mjomba, anamenya. Nikamweleza yote, neno kwa neno, nikingoja akasirike pamoja nami.

Ganda lilikuwa linashuka kutoka kwenye kisu chake, refu, bila kukatika.

"Ulifikiri mi sikujua?" akasema. "Mutu mwenye hajui kukoroga anaangalia mu sufuria. Ule alikuwa ananiangalia miye."

Nilikaa chini. "Sasa juu ya nini ulilia?"

Aliliweka tufaha kwenye beseni, akachukua jingine, akalifuta kwa kanga.

"Nililia juu ya bibi wa sufuria," akasema. "Weye na miye tulikubali kulipa, ni mutoto yetu. Yeye hakuna mutu alimuuliza."

Akanipa kisu cha pili, na mimi nikamenya.